Kupanga, kujenga na amani ya moyo

Hapa Dar es Salaam ukishafika miaka 30 huna hata kiwanja, kila kikao cha familia utaulizwa: "Unajenga lini?" Nimepanga Tabata miaka mingi, sasa naishi kwangu Chanika, pembezoni mwa jiji, na kwa niliyoyaona pande zote mbili, mtu anatulia nyumbani akiwa na uhakika wa kesho. Kuna wapangaji wanao uhakika huo, na kuna wenye nyumba hawana.

Nilipokuwa mpangaji, kukaa kwenye nyumba ya mtu hakukunisumbua. Kilichoniumiza ni kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na ile LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, ya pamoja. Umeme unaisha saa tatu usiku, kila mlango kimya, kila mtu anamsubiri mwenzake anunue. Mwenye friji ananuniwa na asiye nayo. Kwa hiyo ukitafuta chumba, kabla hujasifia marumaru, uliza mita. Chenye mita yake, hata kodi yake ikizidi kwa elfu ishirini, chukua. Na mkataba uandikwe, muda wa notisi utajwe humo, maana ahadi za dalali huisha akishapokea malipo yake ya kodi ya mwezi mmoja.

Huku kwetu nako naona familia zinahamia kwenye boma, yaani nyumba ambayo haijaisha. Madirisha yamezibwa kwa mabati, maji ni ya madumu, watoto wanaamshwa saa kumi alfajiri wawahi daladala. Kodi kweli imeisha, lakini nauli, boda na maji vinaila pesa ile ile, na baba anarudi watoto wameshalala. Nakusihi, subiri choo kikamilike, maji yapatikane, mlango ufungike. Sisi tuliendelea kupanga huku tukipandisha tofali kidogokidogo. Tulihamia hakuna dari wala rangi, ila hayo matatu yalikuwepo, na tulilala vizuri tangu usiku wa kwanza.

Halafu kuna ardhi yenyewe. Karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa pekee haitoshi. Mwenye nayo akiona alama ya X nyekundu ya kubomolewa ukutani kwa jirani, moyo unamwenda mbio. Nunua kiwanja kilichopimwa, ufuatilie hati yako, iwe ya miaka 33, 66 au 99. Kama umeshanunua kisichopimwa, ulizia urasimishaji, yaani kupimwa kwa maeneo yaliyojengwa bila kupimwa, mtaani kwenu, mkachangie na majirani kabla hujamwaga zege.