Mkesha ni zamu, si ubavu

Wiki hii mmetuuliza wasomaji kama mikesha ya ibada ya usiku kucha ipunguzwe. Ipunguzwe, na hapo sijagusa habari ya spika. Ila swali linaloniwasha ni jingine: nani alisema ibada isiyokatika maana yake ni watu walewale kuimba toka saa tatu usiku mpaka alfajiri? Huku Masasi mtu kashinda chini ya mikorosho akiokota, jua la Oktoba utosini, halafu usiku anasutwa kwa kusinzia.

Waliouanzisha utaratibu huu hawakuufanya hivyo. Konstantinopoli, karne ya 5, walikuwapo wamonaki walioitwa Akoimetoi, yaani wasiolala. Walilala! Walijigawa vikundi, kimoja kikimaliza kingine kinapokea. Hitima zetu nazo zina hesabu hiyohiyo: juzuu 30, wasomaji 30, na msahafu unakwisha kwa muda wa juzuu moja. Hakuna anayemwita mwenzake mvivu kwa kutosoma zote.

Mfano ninaoupenda ni wa Herrnhut, Ujerumani. Kilikuwa kijiji cha wakimbizi wa dini, kilichoanza mwaka 1722 kwenye ardhi ya kabaila mmoja, Zinzendorf, na miaka ya mwanzo waligombana sana. Walipopatana, Agosti 1727, wanaume 24 na wanawake 24 waliahidiana kusali saa moja kila mtu, kila siku. Saa waligawana kwa kura, kwa hiyo hakuna mkubwa aliyejichagulia saa ya jioni na kumwachia mjane saa tisa usiku. Hawakukusanyika, kila mmoja alisali mahali pake, kwa hiyo jirani hakusikia kitu. Mara moja kwa wiki walikutana kupeana habari na mahitaji ya kuombea, maana mtu asiye na jipya la kuombea huishiwa maneno dakika ya kumi. Mnyororo ule ulidumu zaidi ya miaka 100. Watu hao ndio Wamoravian, waliofika Rungwe mwaka 1891.

Sasa piga hesabu. Wiki ina saa 168. Mkitaka watu wawili kila saa, ni nafasi 336. Kila mtu akichukua saa moja kwa wiki, mnahitaji watu 336, na makanisa mengi ya huku hayana watu hao. Kila mtu akichukua saa moja kila siku, wanatosha 48, kama Herrnhut. Zamu hukatikia kati ya saa nane na saa kumi usiku. Aliyepo anamngoja mwenzake aliyepitiwa na usingizi, anabeba saa mbili, wiki ya tatu haji tena. Kwa hiyo wekeni watu wa akiba wanaokaa karibu, na yule wa zamu asitoke mpaka amwone anayempokea. Masista Wafransisko wa La Crosse, Marekani, walishika zamu za wawiliwawili usiku na mchana tangu 1878. Mwaka 2020 waliacha zile za usiku.

Benedikto, ambaye Wabenediktini wa Ndanda wanafuata kanuni yake, hakudai usiku kucha. Majira ya baridi aliagiza waamke saa nane ya usiku, na saa zake zinahesabiwa kama zetu, toka jua kuzama. Sababu anaitaja: wawe wamepita nusu ya usiku wakilala, na chakula kimekwisha kusagika tumboni. Huyo alijua miili ya watu.

Naona nimeshajipinga. Usiku wenyewe hauna kosa. Basi mikesha isipunguzwe, igawanywe; ila msimu wa korosho ipumzike, na spika zizimwe saa nne, hapo sibadiliki. Na mwandika orodha ya zamu asijipangie saa kumi na mbili asubuhi.

Msomaji, Masasi