Wakisema "wananchi", wanamhesabu nani?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Kila nikisoma habari za nje nakuta mrengo wa kulia umeshinda huku, umeongeza viti kule: Marekani, Italia, Argentina, Ujerumani. Kuna mtu anayewapanga hawa? Na huu upopulisti ni kitu gani hasa? (Mwanafunzi wa diploma)

Jibu: Marahaba mwanangu. Nianze na neno lenyewe, maana limenisumbua sana. Nimetafsiri habari za nje tangu enzi za teleksi, na neno hilo lilipoanza kumiminika, kila mtu dawatini alikuwa na lake. Mmoja aliandika "siasa za umaarufu", mwingine "siasa za kuwafurahisha watu". Yote mawili yanapotosha. Umaarufu kila mwanasiasa anautaka, na sijamwona bado anayegombea kwa kuwaudhi wapiga kura. Mwishowe tukaandika "upopulisti", tukaendelea na kazi.

Kiini chake kimo ndani ya neno tulilonalo siku zote: wananchi. Mpopulisti anaigawa nchi mafungu mawili. Huku wananchi halisi, wachapakazi, wasio na hila. Kule vigogo waliowasaliti. Kisha anatangaza kwamba yeye peke yake ndiye mdomo wa wananchi hao. Yule wa mrengo wa kulia huongeza fungu la tatu, yaani wahamiaji au watu wa dini nyingine, ambao vigogo wanadaiwa kuwapendelea. Wa kushoto naye yupo. Hugo Chávez wa Venezuela alikuwa na vigogo wake wa kuwalaani, ila kwake adui alikuwa tajiri na serikali ya Marekani.

Ukitaka kuona jinsi "mdomo wa wananchi" unavyofanya kazi, tazama Uholanzi. Novemba 2023 chama cha Geert Wilders, PVV, kiliongoza uchaguzi kwa viti 37 kati ya 150. Chama hicho kina mwanachama mmoja tu, naye ni Wilders. Mamilioni wanaweza kukipigia kura, lakini kadi ya uanachama hupati. Mkutano mkuu wa sauti ya umma unatosha kwenye kiti kimoja!

Kuhusu kupangwa, hapana. Steve Bannon, aliyekuwa mshauri wa Trump, alijaribu kuwaunganisha chini ya mwavuli mmoja kabla ya uchaguzi wa Bunge la Ulaya wa 2019. Wengi wakamkwepa. Tena hawakubaliani katika mambo makubwa. Giorgia Meloni wa Italia ameiunga mkono Ukraine. Viktor Orbán wa Hungaria alikuwa akivutana na wenzake wa Ulaya juu ya msaada huohuo. Javier Milei alipanda jukwaani Argentina na msumeno wa injini mkononi kuonyesha atakavyokata matumizi ya serikali, wakati Marine Le Pen wa Ufaransa anapinga kuongezwa umri wa kustaafu.

Wanachofanya ni kuigana. Wafuasi wa Trump walivamia bunge la Marekani tarehe 6 Januari 2021. Wafuasi wa rais wa zamani Jair Bolsonaro wakavamia bunge, Mahakama Kuu na ikulu ya Brazil tarehe 8 Januari 2023. Miaka miwili na siku mbili, na wimbo uleule wa kura zilizoibwa.

Chanzo? Utaambiwa ni umaskini, na kuna kweli ndani yake. Msukosuko wa fedha wa 2008 uliwaacha wengi wakiona mabenki yanaokolewa huku wao wakifungiwa mkanda. Hénin-Beaumont, mji wa migodi ya makaa ya mawe iliyofungwa kaskazini mwa Ufaransa, ulikuwa ngome ya wasoshalisti. Tangu 2014 meya wake anatoka chama cha Le Pen. Lakini Poland inaharibu hesabu hiyo. Ndiyo nchi pekee ya Umoja wa Ulaya ambayo uchumi wake haukudorora mwaka 2009, na bado mwaka 2015 chama cha PiS, cha mrengo wa kulia, kilishinda.

Mfano ninaoupenda zaidi ni chama cha AfD cha Ujerumani. Kilianzishwa 2013, na miongoni mwa waasisi walikuwemo maprofesa wa uchumi waliolalamikia sarafu ya euro. Mwaka huo hakikuingia hata bungeni. Ukaja 2015, wakimbizi na wahamiaji zaidi ya milioni moja wakaingia Ulaya, na chama kikabadilisha wimbo. Kikapata asilimia 12.6 mwaka 2017, na mwaka 2025 kikawa cha pili kwa asilimia 20.8. Mwenyekiti wa awali, profesa mwenyewe, alikuwa ameshaondoka tangu 2015. Kinyongo kilikuwepo, kilichobadilika ni anayeelekezewa kidole.

Na usidhani sisi waandishi tuliona mbele. Usiku wa kura ya maoni ya Uingereza ya kubaki Umoja wa Ulaya au kutoka, tarehe 23 Juni 2016, niliandika kichwa cha habari mapema: "Uingereza yabaki". Hata Nigel Farage, kinara wa kutoka, alikuwa amesema, vituo vilipofungwa, kwamba huenda upande wa kubaki ukashinda. Nikalala. Asubuhi ilikuwa asilimia 51.9 kwa kutoka. Karatasi ile bado ninayo mezani.

Swali: Mbona ninyi waandishi mkimchukia mtu mnamwita mpopulisti? Watu wamepiga kura, wameamua. Kutaka wahamiaji wapungue ni dhambi? (Msomaji aliyechoka)

Jibu: Ndugu yangu, nusu ya lawama naipokea. Tumelitumia neno hilo ovyo kama kibandiko. Kutaka wahamiaji wapungue ni sera, si dhambi wala upopulisti. Chama cha Social Democrats cha Denmark, cha mrengo wa kushoto, kimeshika sera kali sana za uhamiaji.

Nusu nyingine siipokei. Mimi huacha hotuba nikatazama mshindi anamfanyia nini mwamuzi, yaani katiba na kanuni za uchaguzi. Orbán alishinda 2010 kwa takriban asilimia 53 ya kura, na mfumo ukampa theluthi mbili ya bunge. Haki yake. Kwa theluthi mbili hizo akaandika katiba mpya, akapunguza wabunge kutoka 386 hadi 199 na kuchora majimbo upya. Mwaka 2014 kura zake zikashuka hadi asilimia 45 hivi. Viti? Theluthi mbili tena. Hapo watu waliamua nini, wewe niambie.

Nao hushindwa, usisahau. Poland, Oktoba 2023, waliojitokeza walifika asilimia 74. PiS ilipata kura nyingi kuliko chama kingine chochote, lakini wapinzani kwa pamoja wakapata wingi wa viti, na Donald Tusk akawa waziri mkuu Desemba. PiS ilikwenda upande wa upinzani bila mtu kuvunja dirisha la bunge. Ningeogopa zaidi kama ingekataa kutoka.

Swali: Kwa nini wanaitwa wa kulia? Wote wanatumia mkono wa kulia? (Msomaji wa kidato cha pili)

Jibu: Hapana, mjukuu wangu, ni suala la viti. Mwaka 1789, bunge la Ufaransa lilipojadili kama mfalme apewe kura ya turufu, waliomtetea walikaa kulia kwa mwenyekiti, na waliompinga wakakaa kushoto. Wakaendelea kukaa hivyo.