Jarida letu lazima lipite ofisini?

SWALI: Shikamoo mzee. Tuko wanne, mwaka wa pili, tunataka kuanzisha jarida chuoni. Tumeambiwa kila makala ipite kwanza ofisini. Kuna wanafunzi waliowahi kujiandikia wenyewe?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wapo. Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Novemba 1969, wanafunzi wa USARF (kikundi chao cha kimapinduzi) na vijana wa TANU walitoa jarida la Cheche. (Jina la Kiswahili, makala za Kiingereza!) Septemba 1970 toleo zima walimwachia mwenzao Issa Shivji achambue matabaka nchini. Novemba likapigwa marufuku, na USARF nayo. Mwaka uliofuata likazuka jarida jingine, MajiMaji.

Mimi sikuwemo, ila stensili, zile karatasi za nta za kurudufia nakala, nimezikata sana. Unaondoa utepe wa taipureta, herufi zinatoboa nta. Ukigonga "o" kwa hasira, kiduara kinang'oka, na kila nakala inatoka na doa jeusi.

Nyie mna simu, msinililie. Anzeni na kurasa nne. Hela ya mgombea wa serikali ya wanafunzi msiiguse hata iwe ya karatasi tu. Andikeni habari ya maji bwenini, na mkimtaja mtu, mpigieni kwanza mumsikie.