T-55 iliyolala kabatini: vua rangi ya mwili, mnara uache

Mkuu, umeuliza kama uvue rangi yote ya T-55 yako, ule mfano wa plastiki wa kifaru cha Kisovieti wa kipimo cha 1/35, ile uliyoipaka kwa brashi miaka hiyo ikaganda kama uji, ukaifungia kabatini. Sasa umejiandikisha kwenye shindano la kumaliza viporo, yaani mifano iliyoanzwa ikaachwa, na umebakiwa na wiki tano. Mimi kiporo changu cha T-55 kilikaa juu ya kabati miaka tisa, kwa hiyo naongea na mwenzangu. Vua rangi ya mwili tu. Mnara wa mzinga uache ulivyo.

Sababu ni hii. Mnara wa T-55 halisi ni chuma kilichomiminwa kwenye kalibu, uso wake una vinundu na mabonde madogo. Mwili ni mabamba yaliyochomelewa, yako laini. Rangi yenye unene wa milimita 0.2 ukiizidisha mara 35 ni milimita 7. Kwenye bamba laini inaonekana kama ukuta uliopigwa lipu. Kwenye mnara inaonekana kama chuma cha kumimina, yaani ulikosea ukapatia. Mimi mnara wangu niliuongezea koti moja zito makusudi, nikaudonoadonoa kwa brashi kuukuu iliyokatwa nywele fupi kabla haujakauka.

Ila kabla hujagusa rangi, toa minyororo ukaiangalie. Kama ni ile ya plastiki laini, na imegusana na magurudumu miaka yote hiyo, kuna uwezekano imeyala. Mafuta yanayoilainisha yanatoka taratibu na kuyeyusha plastiki ngumu. Mimi nilikuta magurudumu mawili ya kushoto yana alama kama za meno. Usihuzunike sana: T-55 haina vigurudumu vya juu, mnyororo unalala juu ya magurudumu yenyewe matano. Nilijaza pati, nikapiga msasa, nikageuza upande wenye kidonda ukatazama juu, mnyororo ukaufunika. Ukiyabandua yote, kumbuka kwamba pengo kati ya gurudumu la kwanza na la pili ni kubwa kuliko mengine. Kuna waliomaliza kazi nzuri wakaja kuumbuka hapo.

Kuvua rangi: kama ni ya mafuta, mafuta ya breki yanafanya kazi. Vaa glavu, tumia chombo chenye mfuniko, loweka usiku kucha, asubuhi sugua kwa mswaki mkuukuu na maji ya sabuni. Jaribu kwanza kwenye kipande cha fremu, vile vijiti vya plastiki vinavyoshikilia vipande kwenye boksi. Usije ukachukua tina ya gereji inayotumika kwenye rangi za magari! Mimi niliichukua kwa sababu ilikuwa karibu, na tangi moja la mafuta la juu ya mkono wa kulia (bamba linalofunika mnyororo) likalainika kama ubani mdomoni. Nililichonga upya kwa kipande cha fremu na mpaka leo nikilitazama najua ndilo.

Rangi yenyewe haina hadithi ndefu. Praima ya kijivu, kisha kijani iliyochanganywa iwe nyepesi kama maziwa, koti tatu badala ya moja. Sehemu zinazotazama juu ongeza njano kidogo na nyeupe kidogo zaidi. Mpira wa magurudumu upe kijivu kizito, nyeusi tupu inakifanya kifaru kionekane kidoli. Kisha vanishi inayong'aa, halafu rangi ya mafuta ya wachoraji iliyolegezwa kwa tapentaini iingie kwenye maungio, halafu vanishi isiyong'aa.

Kazi iko kwenye vumbi, na hapo lazima kwanza uamue kifaru chako kiko wapi. Mimi nilikiweka Lukaya, Uganda, Machi 1979, kwenye vita vya Kagera. Jeshi letu la Tanzania lilikuwa linasonga kutoka Masaka kwenda Kampala, na upande wa Amin kulikuwa na Walibya walioletwa na Gaddafi pamoja na vifaru vya aina hii. Barabara pale inakatiza kinamasi. Maana yake unahitaji tope la aina mbili: jekundu la barabarani na jeusi la kinamasi.

Nilipomaliza nikampelekea mjomba wangu, aliyekuwa dereva wa lori la jeshi kwenye vita hivyo. Alikigeuzageuza mkononi, akakaa kimya, kisha akasema, "Mjomba, hiki kimetoka dukani. Vumbi umelipaka kama poda ya mtoto." Akanionyesha kwa kidole: kinachotembea kwa minyororo kinatupa vumbi nyuma, mkononi na mgongoni. Mbele kunabaki safi zaidi, isipokuwa kama kuna mwenzake anayemtangulia. Na pale askari wanapokanyaga kupanda, vumbi linafutika kila siku.

Nikarudi nyumbani nikafuta nusu ya kazi. Udongo mwekundu niliusaga, nikauchuja kwa soksi nyembamba ya kike, nikauchanganya na unga wa chaki maana udongo halisi peke yake huwa mweusi mno ukikauka kwenye vanishi. Nyuma nikarundika, mbele nikapitisha brashi kavu tu. Kwenye meno ya minyororo nikasugua penseli ya risasi, chuma kikatokea.

Gogo la nyuma la kujikwamulia usinunue. Kijiti cha mpera kilichokauka kina gamba zuri kwa kipimo hicho.

Wiki tano zinakutosha ukitumia ya kwanza kuosha na kuvua. Ukifika kwenye vumbi, tuwekee picha ya upande wa nyuma, ya mbele tunaifahamu.