Ukitaka kushinda kombolela, chagua njia kabla ya maficho

Wengi hushindwa kombolela, mchezo wa kujificha huku mmoja akilinda kopo, kwa sababu ya kutafuta mahali ambapo hawataonekana kamwe. Mtu anajibanza nyuma ya choo cha mwisho kabisa uani, hakuna anayemwona, na wenzake wote wanakamatwa yeye akiwa bado huko. Mshindi ni anayegusa kopo kabla ya mlinzi, yule anayehesabu na kuwatafuta wengine, na kuwakomboa waliokamatwa. Kwa hiyo pima maficho kwa njia ya kurudi.

Kama uko hatua 20 kutoka kwenye kopo, usichomoke mpaka mlinzi awe hatua 25 au zaidi, na mgongo amekupa. Mpaka ashtuke, ageuke na kuanza mbio, umeshapiga hatua 3 au 4. Mkiwa mnalingana umbali huku anakutazama, tulia; mwenye mbio atakupita. Ipitie njia kwa macho mapema: kamba ya kuanikia nguo inayofika shingoni, jerikani za maji zilizopangwa mlangoni, mfereji wa maji ya mvua. Giza likianza kuingia, kamba ile huioni.

Hesabu ikiwa ya 50, tumia 10 za kwanza kuondoka upande usio wako, kwa vishindo, maana mlinzi aliyefumba macho anasikiliza. Kisha vua sapatu, zunguka polepole, na ufikapo 40 uwe umeshakaa. Anayehangaika kutafuta nafasi kwenye 48 ndiye hukamatwa wa kwanza.

Shamba la migomba linapendwa sana, na linastahili, ila lina mambo yake. Shina moja halifichi mtu. Tafuta kichaka chenye mgomba mama na machipukizi yake, 3 au 4 pamoja. Majani makavu chini yanapasuka ukiyakanyaga, kwa hiyo yasogeze kwa mguu kabla hujachutama, na ukitaka kujisogeza subiri upepo upite, majani yote yaliapo. Angalia ardhi kwanza kama kuna msafara wa siafu, hasa baada ya mvua. Wakikupanda hutabaki kimya, hata uwe nani. Na utomvu wa mgomba hautoki kwenye nguo. Shati la shule liache nyumbani.

Usikalie visigino. Dakika chache tu miguu inakufa ganzi, na wakati wa kukimbia unaanguka mbele ya watu. Weka goti 1 chini, mguu wa pili ukiwa tayari kusukuma, na ubadilishe mara kwa mara. Pumua taratibu. Chafya ikija, bonyeza chini ya pua kwa kidole. Kujificha wawili ni kosa kubwa kuliko yote: mmoja atacheka tu.

Ukichungulia, chungulia pembeni na chini, karibu na ardhi. Kichwa kinachochomoza juu ya ukuta huonekana mara moja. Kivuli nacho kinasaliti: saa kumi na moja jioni hapa kwetu kinakuwa karibu mara 2 ya urefu wako na kinaelekea mashariki. Kaa upande wa mashariki wa nyumba, ndani ya kivuli cha ukuta, wako utamezwa humo.

Jua likizama, giza halichelewi. Nuru ya kuonea inakwisha kwa dakika 20 hivi. Hapo shati jeupe linang'aa na jekundu linageuka kama jeusi. Mlinzi aliyetoka kukodolea taa ya veranda au simu haoni kitu kwa muda, na macho yake yanahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza sawasawa. Huo ndio wakati wa kuchomoka. Kama mmekubaliana kwamba mlinzi akikosea jina la aliyemwona anapoteza, badilishaneni mashati.

Kuna mahali pa kutojificha kamwe, hapana mjadala: friji bovu, buti ya gari, tangi la maji, shimo la choo linalochimbwa, chini ya gari. Hewa huisha, mlango haufunguki kwa ndani, dereva hajui uko wapi. Wekeni mipaka kabla ya kuanza, na neno moja la kumaliza ambalo likiitwa kila mtu anatoka.

Ukiwa wewe ndiwe mlinzi, usifukuze mbali. Zunguka kopo kwa duara dogo, lipanue kidogo kidogo, na kila baada ya duara moja rudi uguse kopo. Simama kimya sekunde 10, usikilize. Gizani usikodolee kitu moja kwa moja. Tazama pembeni yake kidogo, ndiko jicho linakonasa mwanga hafifu. Halafu rudia mahali ulipokwisha kagua, kwa sababu wajanja huhamia huko mara tu unapopita.