Barakoa za wapiga dawa si za kuombewa Ulaya

SWALI: Sisi ni wafanyakazi wa shamba la maua hapa Naivasha. Wapiga dawa wanaingia grinihausi na barakoa za kitambaa tu. Tumeunda kamati ya watu saba tutafute mfadhili atununulie vifaa na kutulipia wakili. Kuna kijana anayesema atatuandikia ombi la ufadhili kwa shilingi 15,000, na kwamba pesa za Ulaya ziko tele. Tumlipe?

JIBU: Msimlipe, ndugu zangu. Swali hili hunifikia mara kutoka Kericho, mara Thika, na kila mara kuna kijana wa elfu kumi na tano. Mfadhili wa kweli hatumi pesa kwa kamati isiyosajiliwa wala kuwa na akaunti. Kijana analijua hilo. Pesa anayoiwinda ni yenu.

Ila broka si yeye anayeniudhi zaidi. Kinachoniudhi ni imani kwamba haki ya kibarua hupatikana kwa msaada. Barakoa hizo zina mlipaji tayari: kifungu cha 101 cha Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 kinamtaka mwajiri atoe mavazi ya kujikinga kwa anayeshika vitu vya madhara. Kifungu cha 9 kinataka kamati ya usalama penye watu 20 au zaidi. Ulizeni ya kwenu ilikaa lini, na kumbukumbu za kikao ziko wapi. Mkimpelekea meneja maboksi ya barakoa za wafadhili, mmemwondolea gharama. Mradi ukiisha atawauliza, "Wale wenu wameenda wapi?"

Pesa ya kupigania haki ni ada ya chama cha wafanyakazi. Chini ya kifungu cha 48 cha Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, mwajiri akishakabidhiwa Fomu S mliyotia sahihi, ile ya kuruhusu ada ikatwe kwenye mshahara, ana siku 30 kuanza kukata ada. Chama kikifikisha zaidi ya nusu ya wanaostahili kujiunga, kifungu cha 54 kinamlazimu akitambue, kisha mezani mkazungumze mkataba. Wakili hutoka kwenye ada hiyo. Anzieni tawi la KPAWU, chama cha wafanyakazi wa mashamba. Na malalamiko ya barakoa yaandikeni leo, nakala ibaki kwenu.

Mtasema chama kimelala. Pengine kweli, wako makatibu wanaoonekana Mei Mosi tu, wamevaa kofia mpya. Lakini katibu hung'olewa kwa kura. Mfadhili mtampigia kura wapi?

Kama shamba lina cheti cha Fairtrade, yaani cha biashara ya haki, ile pesa ya ziada ambayo wanunuzi hulipa juu ya bei ni ya wafanyakazi, na kamati mnayoichagua ndiyo huipangia matumizi. Nayo hairuhusiwi kulipia lile ambalo sheria imemtwika mwajiri. Nimeona mameneja wakijaribu.

Sisemi wafadhili hawana kazi. Utafiti na mafunzo vinawahitaji. Lakini miradi mingi ni miaka mitatu, fulana, hoteli, ripoti yenye picha, kwaheri. Kericho nilikaa na mama mchuma chai aliyetunza vyeti vinne vya semina za haki za wafanyakazi ndani ya bahasha ya kaki. Nikaomba kuona hati yake ya mshahara. Hapakuwa na hata shilingi moja ya ada ya chama. Fomu S hakuwahi kuiona. Akaniuliza kama semina ya tano italipa nauli.