Picha zinapopotea kwenye tovuti ya lugha mbili

Ninahudumia tovuti ya Kiswahili na Kiingereza iliyoanza kwenye Drupal 7, toleo la zamani la mfumo wa kuendeshea tovuti. Wiki tuliyoruhusu tafsiri kwenye uga wa picha (sehemu ya fomu ya makala inayowekwa picha), makala za zamani ziliendelea kuonyesha picha zake kama kawaida, lakini kila makala mpya ilitoka na maneno matupu. Nilipakia picha ileile mara nne. Nikabadilisha ruhusa za folda, nikapunguza ukubwa wa picha, nikamsumbua hadi mtu wa seva. Faili lilikuwepo muda wote.

Tatizo lilikuwa kwenye lebo ya lugha. Drupal 7 huhifadhi kila uga pamoja na lugha yake, na uga usiotafsiriwa hupewa lebo "und", yaani lugha haikubainishwa. Tuliporuhusu tafsiri, picha mpya zikaanza kuingia chini ya "sw". Aliyetutengenezea mwonekano wa tovuti alikuwa ameandika kwenye kiolezo, yaani faili linalopanga ukurasa uonekaneje, kwamba picha ichukuliwe moja kwa moja kutoka "und". Kiolezo kiligonga mlango wa nyumba iliyohamwa.

Kwa hiyo, kabla hujapakia chochote upya, tafuta neno 'und' kwenye violezo vyako vyote. Kila unapolikuta, weka field_get_items(), amri ya Drupal ambayo huchagua lugha inayofaa yenyewe. Usishawishike kubadilisha 'und' kuwa 'sw', maana kesho ukurasa wa Kiingereza ndio utakaokosa picha.

Data za zamani nazo zinahitaji kuhamishwa, la sivyo ukifungua makala ya zamani kuihariri utakuta uga wa picha mtupu, na ukihifadhi hivyohivyo unajiongezea kazi. Entity Translation, moduli (programu ya nyongeza) ya Drupal, inaweza kukuhamishia. Ukiamua kufanya kwa mkono, chukua bekapu kwanza, kisha kumbuka majedwali ya hifadhidata ni mawili kwa kila uga: la field_data na la field_revision. Mimi niligusa la kwanza tu nikadhani nimemaliza. Makala ambayo tayari ina picha chini ya "sw" itakupa kosa la ufunguo uliojirudia. Hiyo iangalie mwenyewe, moja moja, uamue picha ipi ibaki. Mwisho futa kashe, yaani nakala za muda ambazo Drupal huzitunza. Usipoifuta utaendelea kuona data za jana na utadhani kazi yako imeshindikana.

Kuanzia Drupal 8 mambo ni mepesi zaidi. Kwenye mipangilio ya lugha za maudhui, uga wa picha una visanduku vitatu vya kuchagua kipi kitafsiriwe: faili, maelezo mbadala (maneno anayosomewa asiyeiona picha) na kichwa. Ushauri wangu ni kutia alama maelezo mbadala na kichwa, na kuacha faili, isipokuwa picha yenyewe ina maandishi ndani yake. Ukiacha maelezo mbadala bila alama, lugha zote zitatumia maelezo hayohayo, na ukiandika ya Kiswahili unafuta ya Kiingereza.

Hapa naomba usipite haraka. Baada ya picha kurudi nilifurahi, mpaka msomaji wetu asiyeona aliponipigia simu na kuniwekea spika nisikie. Kwenye maelezo mbadala ya picha ya nyavu tulikuwa tumeandika "Wavuvi wakianika nyavu ufukweni". Kisoma skrini, programu inayomsomea kwa sauti yaliyo kwenye skrini, kilikuwa kinayatamka maneno hayo kwa sauti ya Kiingereza, kikiyavunjavunja, kwa sababu ukurasa mzima ulibeba lang="en", lebo inayosema maandishi ni ya Kiingereza. Sikuambulia hata neno moja, na mimi ndiye niliyeliandika.

Ukurasa wa Kiswahili uandike lang="sw". Ukitaka kutaja nchi, ni sw-TZ au sw-KE. "Tz" na "ke" peke yake si lebo za Kiswahili. Kama maelezo ya picha moja yamebaki kwa Kiingereza, weka lang="en" kwenye picha hiyo tu. Kisha pakua NVDA, kisoma skrini cha bure, fumba macho na usikilize ukurasa wako mpaka chini. Nilipomaliza kurekebisha nilimpigia yule msomaji. Akaufungua ukurasa, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza nyavu zile ni za kuvulia dagaa au samaki wakubwa.